Umeme wa mto na wa jua: mizani ya kila sekunde

Katika miji yetu ya mashariki watu wengi wamezoea jambo hili. Saa moja ya jioni, wakati kila nyumba inataka taa, umeme unafifia au unakatika kabisa. Saa nane za usiku, wakati watu wamelala, unarudi na kuangaza vyumba ambavyo havina mtu macho. Wengine wanasema ni uzembe. Wengine wanasema kuna mtu anayetuchezea. Ni kweli kwamba mara nyingine sababu ni waya uliochakaa, kabini iliyoungua au mapigano yaliyoangusha nguzo. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haielezwi sana: mizani kati ya umeme unaozalishwa na umeme unaotumiwa.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Mashariki mwa Kongo umeme mwingi unatoka kwenye maporomoko ya mito, na sasa jua nalo limeongezeka. Parokia, shule, maternite na hospitali nyingi zimeweka paneli za jua juu ya mabati. Umeme huu ni baraka, kwani haununuliwi kwa pipa kama mazutu. Lakini una masharti yake, na mtu asiyeyajua anaweza kuwa na paneli nyingi na bado akakaa gizani.

UMEME HAUWEKWI GHALANI

Mkulima akivuna mahindi mengi, anayaweka ghalani. Yosefu huko Misri alikusanya nafaka ya miaka saba ya shibe ili watu wapate chakula katika miaka saba ya njaa. Umeme ulio kwenye waya hauna tabia hiyo. Umeme unaotoka kwenye mtambo sekunde hii lazima upate mtumiaji sekunde hii hii. Na mtu akiwasha pasi sekunde hii, lazima kuwe na mtambo unaotoa nguvu hiyo sasa hivi.

Ili kuelewa zaidi, tufikirie vijana wanaosukuma chukudu iliyojaa magunia ya makaa kwenye njia ya kupanda. Wanakwenda kwa mwendo mmoja. Ukiongeza magunia mawili bila kuongeza msukumaji, mwendo unapungua. Ukiongeza mengine, chukudu inasimama, na inaweza hata kurudi nyuma na kuwaumiza. Ukiondoa magunia ghafla, wale vijana wanasukuma kwa nguvu kupita kiasi na chukudu inakimbia bila kutawaliwa.

Mitambo ya umeme inafanya vivyo hivyo. Katika nchi yetu, na kwa majirani wetu wote, umeme unapigapiga mara 50 kwa sekunde. Watumiaji wakizidi, turbini zinaelemewa na mapigo hayo yanashuka chini ya 50. Watumiaji wakipungua ghafla, yanapanda juu ya 50. Tofauti ndogo inasahihishwa kwa kufungua au kufunga kidogo maji yanayoingia kwenye turbini. Tofauti ikiwa kubwa, vifaa vya ulinzi vinautoa mtambo kwenye mtandao ili usiharibike. Hapo mitambo iliyobaki inabeba mzigo wote, nayo inaelemewa na kujitoa mmoja baada ya mwingine. Ndani ya dakika chache mji wote, hata nchi nzima, unaweza kuwa gizani.

Ndiyo maana mafundi wakiona mzigo unazidi, wanakata mtaa mmoja au miwili ili mingine isianguke. Hiyo ndiyo delestaje. Kwa anayekatwa inauma, lakini kazi yake ni kuzuia wote wasikose.

KILA CHANZO NA TABIA YAKE

Jenereta ya mazutu inatii. Mzigo ukiongezeka, inachoma mafuta zaidi. Ukipungua, inachoma kidogo. Tatizo lake ni bei, moshi na barabara zetu. Vyanzo vinavyojirudia, yaani mto, jua na upepo, havilipiwi mafuta, lakini vinakuja kwa saa zao na si kwa saa zetu.

Mto una tabia mbili. Mitambo mingine inatumia maji jinsi yanavyopita, bila kuyahifadhi. Mtambo wa Matebe kwenye mto Rutshuru, uliofunguliwa Desemba 2015 na wenye nguvu ya karibu megawati 13, ni wa namna hiyo. Maji yasiyotumiwa usiku yanakwenda zake, na kesho hayarudi.

Mitambo mingine ina ziwa nyuma yake. Hapo Bukavu, maji ya ziwa Kivu yanatoka kwa mto Ruzizi na kuteremka hadi Tanganyika. Mtambo wa Ruzizi I, wa karibu megawati 30, umekuwa pale tangu mwaka wa 1958. Ruzizi II, wa megawati zaidi ya 40, ulianza mwaka wa 1989, na umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Ukuta uliojengwa mwanzoni mwa mto unawezesha kupunguza au kuongeza maji yanayotoka. Kwa hiyo ziwa Kivu linafanya kazi ya ghala: maji yanayobaki ziwani leo yanaweza kuwa umeme kesho.

Lakini ghala hilo lina adui ambaye sisi wenyewe tunamtengeneza. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa kwenye mifereji ya miji ya kando ya ziwa inabebwa na mvua hadi Ruzizi, inaziba njia ya maji na kuharibu turbini. Umeme umekatika Bukavu mara nyingi kwa sababu hiyo. Turbini ikisimamishwa ili isafishwe, upande mmoja wa mizani unapungua, na lazima mtu fulani akatwe upande wa pili.

Jua lina ratiba inayojulikana. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na kutua karibu saa kumi na mbili jioni. Nguvu yake ni kubwa kati ya saa nne na saa tisa mchana. Shida ni kwamba nyumba zetu zinahitaji umeme zaidi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, wakati paneli hazitoi kitu. Tena wingu moja zito likipita, nguvu ya paneli inaweza kushuka zaidi ya nusu kwa muda mfupi sana.

Hata hivyo mto na jua vinaweza kusaidiana. Kiangazi kinapopunguza maji ya mito, mawingu yanapungua na jua linawaka zaidi. Mvua zikirudi, jua linapungua lakini mito inajaa. Mtandao wenye vyote viwili unasimama vizuri kuliko wenye kimoja.

UMEME MWINGI USIO NA MTUMIAJI

Tumezoea kulia kwa sababu ya uhaba, lakini mizani inaweza kuelemea upande wa pili. Huko Lubero, hifadhi ya Virunga ilijenga mtambo wa Luviro wa karibu megawati 14. Maji yalikuwa tayari na turbini zilikuwa tayari, lakini nyaya za kufikisha umeme wote kwa wanunuzi zilikuwa hazijakamilika. Mtambo wa mto ambao hauna wateja ni kama soko lililojaa nyanya siku ambayo hakuna mnunuzi. Mwaka wa 2020, wakati mapato ya utalii yalikuwa yamekauka, hifadhi iliamua kuweka pale makontena yenye kompyuta zinazotafuta Bitcoin, pesa ya kompyuta. Kompyuta hizo zinakula umeme mwingi, hazihitaji waya mrefu, na zinaweza kuzimwa umeme ukihitajika kwingine.

Watu walibishana sana. Wengine waliuliza kama ni haki kompyuta kula umeme katika eneo ambalo vijiji vingi bado vinatumia kibatari. Wengine walijibu kwamba umeme ule ungepotea bure, na kwamba fedha zake zinalipa walinzi wa msitu. Kila mmoja aamue mwenyewe, lakini tusikose somo lenyewe: kujenga mtambo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nyaya, pamoja na watumiaji walio tayari kutumia umeme saa ambayo upo.

Kenya, ambako sehemu kubwa ya umeme inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo, inakutana na jambo hilo kila usiku. Mashamba ya upepo ya ziwa Turkana yana minara 365 na nguvu ya megawati 310. Kule upepo unavuma sana usiku, wakati viwanda vingi vimefungwa na watu wamelala. Imetokea mvuke wa ardhini wa Olkaria ukaachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Ili kurekebisha, kuanzia Desemba 2017 wenye viwanda walianza kupata bei nafuu kwa umeme wa ziada wanaotumia kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Bei ikawa njia ya kuwaambia watu: hamisheni kazi, umeme upo sasa.

Nchi hiyo pia imeona mizani ikianguka. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Shirika la umeme lilisema kwamba mashamba ya upepo yalijitoa ghafla. Wenye upepo walisema kwamba walijitoa kwa sababu mtandao wenyewe ulikuwa umepata nguvu ya kupita kiasi. Lolote lililoanza, megawati nyingi zilitoka mara moja, na zilizobaki hazikuweza kubeba mzigo.

NJIA ZA KURUDISHA MIZANI

Njia ya kwanza ni kuhifadhi. Betri ndiyo inayojulikana zaidi. Huko Goma, kampuni ya Nuru ilifungua mwaka wa 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3 wenye betri, ili umeme wa mchana usaidie pia jioni. Nchi zenye milima zinatumia njia nyingine. Afrika Kusini, katika milima ya Drakensberg, tangu mwaka wa 1981 maji yanapandishwa kwa pampu hadi bwawa la juu umeme unapozidi, kisha yanateremshwa kwenye turbini umeme unapopungua.

Njia ya pili ni kuunganisha. Mtaa mmoja ukiwa chini ya wingu, mwingine uko juani. Nchi moja ikipungukiwa na maji, jirani yake anaweza kuwa nayo. Kwa upande wa umeme, mto Ruzizi unaunganisha nchi tatu, hata pale siasa inapozitenganisha. Mradi wa Ruzizi III, unaotarajiwa kutoa megawati 206, nao umepangwa kugawanywa kati ya nchi hizo hizo.

Njia ya tatu ni kuwa na akiba iliyo tayari: turbini inayozunguka bila kubeba mzigo wake wote, au jenereta inayowaka mara moja mtambo mwingine ukijitoa.

Njia ya nne haihitaji mashine mpya. Ni kuhamisha matumizi, yaani kuchukua kazi inayoweza kungoja na kuifanya saa ambayo umeme ni mwingi. Hapo ndipo sisi watumiaji tunaingia.

MFANO WA KITUO CHA AFYA

Tuchukue kituo cha afya cha parokia fulani, kisicho na waya wa mji. Tuseme kina paneli za kilowati 10. Siku yenye jua la kutosha zinaweza kutoa karibu yuniti 40 za umeme, yaani kilowati-saa 40. Tuseme pia kina betri zinazoweza kutoa yuniti 15 bila kuharibika.

Mahitaji ya siku nzima ni haya. Mashine ya oksijeni, wati 400, saa 24: yuniti 9.6. Frigo ya chanjo: yuniti 1. Taa 40 za wati 10 kwa saa tano: yuniti 2. Mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji: yuniti 2. Pampu ya kisima kwa saa nne: yuniti 6. Vipaza sauti vya ibada ya jioni: yuniti 3. Jumla ni yuniti 23.6. Paneli zinatoa 40. Mhasibu yeyote atasema kwamba hakuna shida.

Sasa tuangalie saa. Tuseme mlinzi anawasha pampu usiku, kwa sababu ndipo ana nafasi. Muuguzi anachemsha vifaa baada ya kazi, saa moja jioni. Ibada inafanyika jioni hiyo hiyo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, betri inaombwa yuniti 4.8 za oksijeni, nusu yuniti ya frigo, 2 za taa, 2 za kuchemsha, 6 za pampu na 3 za vipaza sauti. Jumla ni 18.3, na betri ina 15. Kabla ya mapambazuko umeme unakwisha. Mashine ya oksijeni inazimika, na kama kuna mtoto mwenye nimonia juu yake, hataweza kungoja jua lichomoze.

Tubadilishe jambo moja tu. Pampu iwashwe saa tano mchana, na vifaa vichemshwe saa saba mchana, wakati paneli zina nguvu nyingi. Usiku betri inaombwa yuniti 10.3. Asubuhi inabaki na 4.7, akiba ya kutosha hata kama alfajiri ina mawingu. Paneli ni zile zile, betri ni zile zile, kazi ni zile zile, na hakuna franka iliyotumika.

Tuone pia kwamba pampu ikifanya kazi mchana, tanki la maji juu ya mnara linakuwa betri. Unga uliosagwa saa sita ni umeme uliohifadhiwa katika gunia. Barafu iliyogandishwa mchana inalinda samaki usiku. Kazi nyingi zina ghala lake zenyewe. Ni oksijeni, taa na frigo ya chanjo ambazo haziwezi kungoja.

NANI ANAKATWA KWANZA?

Mizani ina swali la haki ndani yake. Umeme ukipungua, lazima mtu akatwe. Kama hakuna mpango uliokubaliwa, anakatwa asiye na sauti: mtaa wa pembezoni, kambi ya waliokimbia vita, mama mwenye kioski. Anayebaki na umeme ni mwenye mkubwa wa kumpigia simu, au mwenye jenereta uani.

Tumekwisha kuona gharama yake. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu nyaya na mabomba, na sehemu kubwa ya Goma ikakosa umeme na maji pamoja. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano mjini humo, umeme ulikatika na pampu za maji zikasimama. Watu wengi wakarudi kuchota maji ziwani, na hofu ya kipindupindu ikarudi nao. Mji ambao pampu zake zinategemea waya mmoja unapopoteza umeme, unapoteza pia maji safi.

Kwa hiyo orodha ya nani akatwe mwisho isingoje siku ya shida. Hospitali, pampu za maji na maternite ziwe mwisho kabisa. Saluni, sinema, mashine za kusaga na vipaza sauti vyetu vya kanisa vinaweza kungoja. Orodha hiyo ijulikane na wote, na zamu zitangazwe mapema. Mtu anayejua kwamba umeme wake utakatika saa moja na kurudi saa tatu anaweza kupanga kazi yake. Asiyejua anapoteza nyama, chanjo na wateja.

MAMBO YA KUFANYA KATIKA PAROKIA

Kabla ya kununua paneli nyingine au kuomba fedha kwa wafadhili, halmashauri ya parokia, shule au kituo cha afya inaweza kufanya mambo haya.

Kwanza, andikeni kila kifaa, wati zake, na saa kinapotumika. Karatasi moja inatosha. Kumbukeni kwamba pasi moja ya wati 1,000 inakula sawa na taa 100 za wati 10.

Pili, gawanyeni vifaa katika makundi mawili: visivyoweza kungoja, na vinavyoweza. Vya kundi la pili vifanye kazi kati ya saa nne na saa tisa mchana.

Tatu, kifaa chenye mota kubwa, kama mashine ya kusaga, kisiwashwe pamoja na kingine cha aina hiyo. Mota inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, na hapo ndipo mitambo midogo inaanguka.

Nne, lindeni betri. Betri za risasi zikimalizwa kila usiku hadi mwisho, zinakufa mapema sana. Zisishuke chini ya nusu. Mtu mmoja apewe kazi ya kusoma kipimo kila jioni na awe na ruhusa ya kuzima vipaza sauti, hata kama kwaya bado inaimba.

Tano, kwa walio kwenye mtandao wa mji, muulizeni anayewauzia umeme kama ana ratiba ya zamu na kama kituo cha afya kiko kwenye waya wake wa pekee. Wakristo wengi ni wateja wa mashirika hayo. Ombi la parokia kumi pamoja linasikilizwa zaidi ya malalamiko ya mtu mmoja.

Sita, fundisheni watoto wa shule ya Jumapili na vijana wasitupe plastiki kwenye mifereji. Chupa inayotupwa mtaroni leo inaweza kusimamisha turbini kesho.

Mitambo mipya itajengwa, na tunaiombea. Lakini hata mtambo mkubwa kiasi gani utaanguka kama wote tunavuta pamoja saa moja ile ile. Wakati tunangoja megawati za kesho, kuna umeme wa saa sita mchana ambao unapotea leo juu ya mabati yetu. Kuutumia vizuri kunahitaji karatasi, saa ya ukutani, na watu waliokubaliana kungojeana.